Je, Wajua? Karama Haina Bei, Ila Nabii Naye Hula

Kapu la sadaka likipita kanisani, watu hutoa na ibada inaendelea. Maneno huanza pale mtumishi anapotangaza kwamba maombi ya kufunguliwa yana kiwango chake, au kwamba neno la unabii leo ni la waliokuja na bahasha. Ugomvi huu si wa jana. Wakristo wameubeba tangu mitume walipokuwa hai, na njiani wameacha sheria, visa na majina ambayo waumini wengi hawajapata kusimuliwa.

Aliyetaka kununua karama alikuwa ameshabatizwa

Simoni wa Samaria hutajwa kama mchawi, na ndivyo alivyokuwa kabla Filipo hajaingia mjini kwao. Lakini Matendo ya Mitume, sura ya 8, inasema wazi kwamba aliamini, akabatizwa, akawa anaandamana na Filipo. Fedha aliitoa baadaye, alipowaona Petro na Yohana wakiwawekea watu mikono, nao wakimpokea Roho Mtakatifu. Na hakuomba ajazwe yeye. Aliomba apewe uwezo wa kuwajaza wengine. Kwa lugha ya soko, alitaka uwakala. Petro alimkemea vikali, naye akaomba aombewe. Kitabu hakisemi aliishia wapi, ila jina lake limebaki ndani ya sheria za kanisa: kununua au kuuza mambo ya kiroho kunaitwa simonia hadi leo.

Je, wajua kwamba kumwendea nabii mikono mitupu ilikuwa aibu?

Sauli alipokuwa akitafuta punda wa baba yake waliopotea, alisita kumwendea Samweli kwa sababu mkate ulikuwa umewaishia na hakuwa na kitu cha kumpelekea. Mtumishi wake ndiye aliyemtoa wasiwasi: alikuwa na robo ya shekeli ya fedha. Mke wa mfalme Yeroboamu naye alimwendea nabii Ahiya akiwa amebeba mikate kumi, kaki na chombo cha asali. Biblia haimlaumu yeyote kati yao kwa zawadi hizo.

Basi kwa nini Elisha alimkatalia Naamani? Jemadari huyo wa Shamu alifika na talanta 10 za fedha, vipande 6,000 vya dhahabu na mavazi 10. Fedha peke yake inakadiriwa kupita kilo 300. Elisha hakugusa hata kimoja. Na si kwamba hakuwa akipokea kitu kwa mtu: sura moja tu nyuma, katika 2 Wafalme 4, mtu alimletea mikate 20 ya shayiri, malimbuko ya shamba lake, akaipokea, kisha akaamuru wagawiwe watu 100 wale. Chakula alikipokea kikalisha watu. Alichokataa ni mali iliyokuja nyuma ya muujiza kana kwamba ndiyo malipo yake.

Gehazi, mtumishi wake, hakuiona tofauti hiyo, au aliiona akaipuuza. Alimkimbilia Naamani njiani, akatunga habari ya vijana wawili wa manabii waliofika kutoka milima ya Efraimu wakiwa na shida, akapewa talanta 2 na mavazi 2, mzigo uliobebwa na watumishi wawili. Akauficha nyumbani, kisha akaenda kusimama mbele ya bwana wake kama mtu asiyetoka mahali. Ukoma wa Naamani ukamhamia yeye na uzao wake. Mimi kinachoniuma zaidi katika kisa hiki ni wale vijana wawili wa kubuni. Gehazi hakuomba kwa jina lake; aliomba kwa jina la wahitaji. Uongo huo bado unatembea.

Kitabu kidogo kilichopotea kwa karne nyingi

Mwaka 1873 msomi mmoja Mgiriki, Philotheos Bryennios, alikuwa akipekua hati za kale katika maktaba ya Konstantinopoli, akakuta kitabu kilichonakiliwa kwa mkono mwaka 1056. Ndani yake mlikuwa na maandishi ambayo wasomi walikuwa wakiyajua zaidi kwa kutajwa na wengine: Didake, yaani Mafundisho ya Mitume Kumi na Wawili. Aliyachapisha mwaka 1883. Wataalamu wengi huyaweka mwishoni mwa karne ya 1 au mwanzoni mwa karne ya 2, wakati ambapo bado kulikuwa na wazee waliowahi kuwasikia wanafunzi wa Bwana.

Makanisa ya wakati huo yalikuwa yakitembelewa na mitume na manabii wasafiri. Leo huyu, kesho yule, kila mmoja akidai kusema kwa Roho. Waumini wafanyeje? Didake haiwaambii wapime ukubwa wa muujiza. Inawaambia watazame mfuko na sahani.

Mtume msafiri akifika, apokewe kama Bwana mwenyewe. Akae siku moja, na pakiwa na haja, mbili. Akikaa tatu, ni nabii wa uongo. Akiondoka apewe mkate wa kumfikisha pale atakapolala. Akiomba fedha, ni nabii wa uongo. Nabii akiamuru katika Roho kwamba meza iandaliwe, yeye mwenyewe asile, akila, mmeshamjua. Akisema katika Roho kwamba apewe fedha, msimsikilize. Lakini akisema fedha hizo wapewe wengine wenye shida, mtu yeyote asimhukumu.

Anayetaka kuhamia kwenu awe na kazi ya mikono, afanye kazi ale. Asipotaka, huyo amemgeuza Kristo kuwa biashara.

Kisha kitabu hicho hicho kinageuka upande wa pili, na hapa ndipo watu wengi wanaokinukuu huacha kusoma. Nabii wa kweli akitaka kukaa kwenu, anastahili kula. Mpeni malimbuko ya zabibu na nafaka, ya ng'ombe na kondoo, ya mkate mnaooka, hata ya fedha na nguo. Na kama hamna nabii kwenu? Wapeni maskini.

Sijaona kanuni nyingine ya kale iliyopanga jambo hili vizuri kiasi hiki. Kumlisha mtumishi ni wajibu wa kanisa. Kumlipa kwa karama ni kosa. Na fungu ambalo halina nabii wa kulila halirudi mfukoni kwa mtoaji. Linakwenda kwa mwenye njaa.

Je, wajua kwamba urembo na rangi ya nywele za manabii vilihojiwa mapema hivyo?

Karne ya 2, huko Frigia, katika Uturuki ya leo, palizuka vuguvugu la unabii lililoongozwa na Montano pamoja na manabii wawili wa kike, Priska na Maksimila. Mpinzani wao, Apolonio, ambaye hoja zake zilihifadhiwa na mwanahistoria Eusebio, hakupoteza muda kubishana kuhusu njozi zao. Aliuliza: nabii hupaka nywele rangi? Hujipaka wanja? Hucheza kamari? Hukopesha kwa riba? Alidai pia kwamba Montano aliweka wakusanyaji wa fedha na kuwalipa mishahara wahubiri wake. Haki inadai tuseme kwamba karibu yote tunayoyajua kuhusu kundi hilo yameandikwa na waliolipinga.

Karibu na wakati huo, mjini Roma, kitabu cha Mchungaji wa Herma kilitoa alama nyingine ya nabii wa uongo: hatabiri mpaka alipwe, na hupenda kutabiri pembeni kuliko mbele ya kusanyiko la wenye haki. Alama hiyo ya pili ingefaa kutiwa maanani na kila anayeitwa chumba cha nyuma apewe neno lake la siri.

Sarafu zilizokatazwa kwenye chombo cha ubatizo

Mnamo mwaka 305 hivi, maaskofu walikutana Elvira, karibu na Granada ya leo nchini Hispania. Kanuni yao ya 48 inahusu desturi ndogo: waliokuwa wakibatizwa walizoea kudondosha sarafu ndani ya chombo. Maaskofu waliikataza, isije ikaonekana padri anauza alichokipokea bure. Waliokuwa wakitoa hawakuwa na nia mbaya; huenda ilikuwa shukrani tu. Lakini kiongozi mwenye macho huona mahali shukrani inapoanza kugeuka kuwa nauli.

Mwaka 451, Mtaguso wa Kalkedonia uliwageukia maaskofu wenyewe. Kanuni yake ya 2 inamvua cheo askofu anayewapa watu daraja kwa fedha, na aliyenunua hapati faida ya alichonunua. Haikuwasahau madalali: aliyekuwa mtu wa kati katika biashara hiyo, kama ni mkleri anavuliwa daraja, kama ni mlei au mtawa anatengwa na kanisa. Inaonyesha kwamba udalali huo ulikuwepo, tena wa kutosha kutungiwa sheria.

Waganga wasiopokea fedha

Makanisa ya Kiorthodoksi yana kundi zima la watakatifu wanaoitwa wasiopokea fedha. Wanaojulikana zaidi ni Kosma na Damiani, ndugu mapacha, matabibu, waliouawa kwa ajili ya imani katika mateso ya dola la Roma. Mapokeo yanasimulia kwamba mwanamke aliyeponywa, Paladia, alimbembeleza Damiani apokee mayai matatu kwa jina la Mungu. Damiani akaona vigumu kukataa. Kosma alipojua aliumia sana hata akaagiza wasizikwe pamoja. Mapokeo yanaendelea kusema kwamba wakati wa maziko ulipofika ilifunuliwa kwamba Damiani hakupokea ujira, aliheshimu jina alilotajiwa, na ndugu hao wakalazwa kaburi moja. Mayai matatu!

Je, wajua kwamba Papa mmoja alinunua kiti ili, kwa kadiri ilivyoonekana, akikomboe?

Papa Benedikto wa 9 alikuwa kijana asiyefaa, na Roma ilikuwa imechoka naye. Mwaka 1045 padri aliyeheshimika, Yohane Gratiano, baba yake wa ubatizo, alimpa fedha akubali kuondoka, kisha yeye mwenyewe akawa Papa Gregori wa 6. Watu wema wa zamani zake walifurahi kwamba sasa kanisa limepata mtu mwadilifu. Lakini fedha zilikuwa zimepita mkononi. Desemba 1046, katika sinodi ya Sutri iliyoitishwa na mfalme Henri wa 3 wa Ujerumani, aliondolewa madarakani, akapelekwa uhamishoni Ujerumani. Kijana aliyefuatana naye huko, Hildebrando, alirudi baadaye Roma na mwaka 1073 akawa Papa Gregori wa 7, mmoja wa wapiganaji wakali kabisa dhidi ya simonia.

Na kuna jambo la ajabu zaidi katika sheria. Mwanzoni mwa karne ya 16 Papa Julio wa 2 aliamuru kwamba Papa aliyechaguliwa kwa rushwa si Papa, uchaguzi wake ni batili. Leo sivyo. Kwa katiba aliyoitoa Papa Yohane Paulo wa 2 mwaka 1996, makardinali wanaouza au kununua kura wanajitenga wenyewe na kanisa papo hapo, lakini uchaguzi unasimama, ili asitokee mtu wa kupinga uhalali wa Papa na kuligawa kanisa.

Fomu yenye nafasi ya jina lako

Wengi wanajua kwamba Gutenberg alipiga chapa Biblia. Wachache wanajua kwamba maandishi ya mwanzo kabisa ya chapa za herufi barani Ulaya yenye tarehe inayojulikana ni hati ya rehema, yaani cheti cha kanisa cha kusamehewa adhabu ya dhambi, ya mwaka 1454, iliyotolewa kukusanya fedha za kuilinda Kipro dhidi ya Waturuki. Ilikuwa fomu: maneno yameshapigwa chapa, pameachwa nafasi tupu za kuandika kwa mkono jina la mtoaji na tarehe.

Miaka 63 baadaye fomu za namna hiyo zilimfikisha Martin Luther kwenye hoja zake 95. Askofu mkuu Albrecht wa Mainz alikuwa amekopa fedha nyingi kwa akina Fugger, wenye benki wa Augsburg, ili alipie vyeo vyake. Nusu ya makusanyo ilikwenda kulipa deni hilo, nusu nyingine kujenga Kanisa la Mtakatifu Petro Roma. Viwango vilipangwa kwa hadhi ya mtu, wafalme wakiwa juu, na maelekezo yenyewe yalisema asiye na fedha apate kwa sala na kufunga. Kifungu hicho cha maskini kilikuwa kizuri karatasini. Kanisa Katoliki lenyewe lilikuja kuikata kamba: mwaka 1567 Papa Pio wa 5 alifuta rehema zote zilizofungamanishwa na malipo.

Mbegu ya Paulo ilikwenda kwa nani?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu neno la kupanda mbegu limekuwa la kila siku katika mikutano yetu.

Paulo alilitumia kweli, katika 2 Wakorintho 9. Lakini fedha alizokuwa akizikusanya zilikuwa za waumini maskini wa Yerusalemu, watu ambao Wakorintho hawakuwajua kwa sura. Kwa Wakorintho yeye mwenyewe hakuchukua kitu. Alikuwa fundi wa kushona mahema, akafanya kazi hiyo mjini kwao pamoja na Akila na Prisila. Tena hakutaka kuzibeba fedha hizo peke yake. Katika sura ya 8 anaeleza kwamba makanisa yamemchagua ndugu mwingine asafiri naye, na sababu anaitaja bila kuzunguka: kiasi ni kikubwa, na hataki mtu apate la kumlaumu. Mtume, mtu aliyekuwa na karama za kunena na kuponya, aliona anahitaji shahidi wa mahesabu.

Mbegu tunayoisikia sana leo ilipata umaarufu wake Marekani, kwa mhubiri Oral Roberts wa Tulsa, Oklahoma. Katika miaka ya 1950 aliwaahidi watoaji kwamba sadaka yao isiporudi kwa njia wasiyoitarajia ndani ya mwaka mmoja, atawarudishia. Mwaka 1970 alichapisha kitabu juu ya imani ya mbegu, na televisheni ikaipeleka duniani kote. Mwaka 1987 alisema Mungu atamchukua zisipopatikana dola milioni 8 kufikia mwisho wa Machi; tajiri mmoja wa Florida, mwenye viwanja vya mbio za mbwa, alichanga milioni 1.3.

Kwetu Afrika Mashariki mbegu hiyo imepata hadi tarakimu. Mwaka 2014 uchunguzi wa kituo kimoja cha televisheni cha Kenya ulionyesha mkutano ambako watu walihimizwa kutuma mbegu ya shilingi 310, na ambako maji ya kuoshea miguu ya wagonjwa yaligeuzwa rangi ya damu kwa kemikali ya kawaida ya duka la dawa, pamanganeti ya potasiamu. Waliokuwa wakitoa ni watu wenye ugonjwa nyumbani na deni mlangoni. Sioni namna ya kuisoma 2 Wakorintho ikazaa jambo hilo.

Karama iliyosikika kwenye redio

Mwaka 1986 mhubiri Peter Popoff alikuwa akijaza kumbi Marekani. Aliwaita watu kwa majina, akataja magonjwa yao na hata mitaa wanayoishi, bila kuwahi kukutana nao. James Randi, aliyekuwa bingwa wa mazingaombwe, aliona kitu sikioni mwake. Yeye na wenzake wakaleta mtambo wa kunasa mawimbi, na kwenye megahezi 39.17 wakaikuta sauti ya mke wa Popoff akimsomea mumewe kadi ambazo watu walizijaza kabla ya ibada. Kanda ilirushwa kwenye televisheni ya taifa. Mwaka 1987 huduma ya Popoff ikatangaza kufilisika.

Sanduku mlangoni

Tofauti na hao wapo wengine, na ni haki kuwataja. George Müller, Mjerumani aliyehudumu Uingereza, aliacha mshahara wake mwaka 1830 kwa sababu ulitokana na kodi za viti: matajiri walilipia viti vizuri, maskini wakakaa palipobaki, na waraka wa Yakobo, sura ya 2, ulikuwa ukimshtaki moyoni. Akaweka sanduku. Baadaye, mjini Bristol, alilea yatima wapatao 10,000 katika maisha yake bila kumwomba mtu yeyote fedha, ila Mungu. Kila mwaka alichapisha mapato, hata sarafu ndogo, majina ya watoaji yakiwa yamefichwa. Watu walipomsifu kwamba ana karama ya imani ile ya 1 Wakorintho 12, alikataa. Alisema alicho nacho ni imani ya kawaida ambayo kila muumini anaweza kuwa nayo.

Na mwaka 1906, mtaa wa Azusa jijini Los Angeles, katika jengo kuukuu lililokuwa limegeuzwa zizi na ghala, William Seymour, mtoto wa watu waliowahi kuwa watumwa, aliongoza ibada ambazo Wapentekoste wengi duniani huzihesabu kuwa chimbuko lao. Watu walinena kwa lugha, waliombewa uponyaji, weusi na weupe wakichangamana katika nchi iliyowatenga. Kapu la sadaka halikuzungushwa. Palikuwa na sanduku karibu na mlango, basi.

Je, wajua kwamba kikombe cha shilingi 500 kilikuwa cha bei ghali?

Watanzania wengi wa rika langu tunaikumbuka 2011. Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa kanisa la Kilutheri (KKKT) aliyeitwa Babu, alisema Mungu alimwonyesha kwa ndoto mti wa kutibu kisukari, saratani, UKIMWI na mengine. Mti huo wenyeji waliuita mugariga. Mizizi ilichemshwa kwenye masufuria makubwa juu ya kuni, dawa ikagawiwa kwa vikombe vya plastiki kijijini Samunge, Loliondo. Kikombe kimoja, mara moja, kinywewe hapo hapo kutoka mkononi mwake. Bei ni shilingi 500 kwa waziri na kwa mchunga mbuzi, na alisema hata bei hiyo aliagizwa.

Kwa kipimo cha fedha, Babu hakufanana na wauza upako. Shilingi 500 wakati ule ilikuwa ya soda. Lakini muujiza ulikuwa mwisho wa barabara mbovu, na barabara ilikuwa na wenyewe. Nauli zilipaa. Waliokuwa na magari ya kupita porini walipata msimu wa maisha yao, helikopta zikawashusha wenye uwezo, wauza maji na wauza chakula wakafuata foleni ya magari iliyonyooka kilomita nyingi. Familia ziliuza ng'ombe. Wagonjwa waliotolewa vitandani hospitalini walilala ndani ya magari siku kadhaa, na wengine walifia njiani. Kuna walioacha dawa za kufubaza virusi baada ya kunywa. Haikuthibitishwa kamwe kwamba kikombe kile kiliponya UKIMWI.

Babu alifariki mwaka 2021. Nimewasikia wengi wakimtetea kwamba hakutajirika, nami sina la kuwapinga hapo. Lakini hesabu ya karama haiishii kwa aliyeishika. Mgonjwa alilipa, hata kama si kwa nabii.

Jogoo anaponunuliwa mara tatu

Sharika nyingi za Kilutheri Tanzania hufunga ibada kwa mnada nje ya kanisa. Asiye na fedha ameleta alichonacho: mkungu wa ndizi, trei ya mayai, debe la mahindi, jogoo aliyefungwa miguu. Mzee wa kanisa anamwinua jogoo, bei inaanza chini, inapanda kwa vicheko na utani wa watani. Aliyeshinda analipa, halafu mara nyingi anamrudisha: auzwe tena. Jogoo yule yule anaingiza fedha mara mbili, mara tatu, na huenda mwisho akaishia kwa mjane wa jirani. Didake na malimbuko yake isingejiona mgeni pale.

Wakimbangu wa Kongo wana nsinsani: wanaume, wanawake na vijana hushindana kutoa, kila kundi likitangaziwa kiasi chake mbele ya wote, vigelegele vikipigwa. Mwanzilishi wao, Simon Kimbangu, aliponya wagonjwa huko Nkamba miezi michache tu ya mwaka 1921, kabla Wabelgiji hawajamfunga. Wafanyakazi walikuwa wameacha mashamba na kazi za wazungu kumfuata. Alikaa gerezani miaka 30, akafia Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1951.

Padri akisoma misa tatu

Mkatoliki anayetoa sadaka ya nia ya misa huenda hajui kwamba kanuni ya 951 ya sheria za Kanisa Katoliki inamruhusu padri kubaki na sadaka ya misa moja tu kwa siku, isipokuwa Krismasi. Akisoma tatu kwa nia tatu, mbili zinakwenda pale askofu alipopanga. Kanuni ya 947 inaagiza hata sura tu ya biashara iepukwe kabisa, na ya 848 inakataza mhitaji kunyimwa sakramenti kwa sababu ya umaskini wake.

Je, wajua kwamba kutoa nako ni karama?

Warumi 12 inazitaja karama saba: unabii, huduma, kufundisha, kuonya, kukirimu, kusimamia, kurehemu. Mkirimu yumo kwenye orodha moja na nabii. Mara nyingi tunamweka mwenye kutoa upande wa wateja na mwenye kutabiri upande wa Mungu, na orodha hii haikubali.

Yupo mtu mmoja aliyesimama pande zote. Barnaba, Mlawi wa Kipro, aliuza shamba lake akaweka fedha yote miguuni pa mitume, ikagawiwa kwa kadiri ya shida ya kila mtu. Njaa ilipotabiriwa na nabii Agabo, Antiokia wakachanga, wakamkabidhi Barnaba pamoja na Sauli, ndiye Paulo, wapeleke Uyahudi. Sura mbili mbele, katika Matendo 13, anatajwa wa kwanza kati ya manabii na walimu wa Antiokia. Na Paulo, akiwaandikia Wakorintho juu ya haki ya mitume kulishwa na makanisa, anamtaja Barnaba kwa jina kuwa ndiye, pamoja naye, aliyeendelea kula kwa kazi ya mikono yake.